Kamera ya kuanzia na lenzi ya milimita 300: inatosha Basotu, haitoshi Nou

Kila muhula unapoanza, swali ni lile lile kwa wanafunzi wapya wa ikolojia na wanyamapori: "Ninunue kamera gani ya kwenda nayo uwandani?" Na jibu wanalopewa nalo halibadiliki. Chukua bodi ya bei ya chini, funga lenzi ndefu, umemaliza. Maduka nayo yamerahisisha mambo: boksi moja, ndani kuna bodi, lenzi fupi ya milimita 18 hadi 55, na ndefu ya 75 hadi 300. Unalipa, unaondoka.

Nusu ya kwanza ya ushauri huu naikubali bila shida. Nusu ya pili, ile ya "funga lenzi ndefu", ndiyo ninayotaka kuichambua hapa, kwa sababu inakula posho za utafiti za watu na mwisho wa siku inaleta picha ambazo haziwezi kuthibitisha chochote.

Nitaipima seti hii kwenye maeneo manne ya Mbulu na Hanang: Ziwa Balangida, Ziwa Basotu, msitu wa Nou na bonde la Yaeda. Nimechagua huku kwa makusudi. Serengeti picha ni nyingi kuliko mtu anavyoweza kuzitazama, kila gari la watalii lina lenzi tatu. Huku kwetu ni tofauti. Maeneo haya yako nje ya hifadhi za taifa, watalii ni wachache, na mashamba, mifugo na wanyamapori viko jirani kabisa. Picha moja nzuri ya ndege, yenye tarehe na mahali, inaweza kuwa ndiyo kumbukumbu pekee kwamba ndege huyo alikuwepo mwaka huo. Picha mbovu ya ndege huyo huyo ni doa la rangi ya kijivu, na mtaalamu atakayeiangalia atasema tu, "Siwezi kuthibitisha." Hapo ndipo hasara ilipo.

Bodi haina kosa

Tuchukue mfano wa Canon EOS 2000D, iliyotoka mwaka 2018, moja ya bodi za kuanzia zinazojulikana sana. Kihisi chake kina upana wa milimita 22.3 na pikseli milioni 24. Inapiga picha 3 kwa sekunde na ina nukta 9 za kufokasi. Ukiilinganisha na kamera za wanamichezo zinazopiga picha 20 kwa sekunde, inaonekana kama baiskeli mbele ya pikipiki.

Lakini kwa kazi ya kutambua mnyama, haipungukiwi sana. Pikseli 6,000 kwa upana ni nyingi. Nukta ya katikati ya kufokasi inafanya kazi vizuri kwenye mwanga wa kawaida. Nikon D3500, ya mwaka huo huo wa 2018, iko daraja hilo hilo. Mtu asikudanganye kwamba bila bodi ya mamilioni huwezi kufanya sayansi. Ushahidi upo hapa hapa kwetu, nitaufikia.

Hesabu moja ya kubeba mfukoni

Kabla ya kubishana kuhusu lenzi, hebu tuwe na kipimo. Swali la msingi ni hili: pikseli moja ya picha inafunika milimita ngapi kwenye mwili wa mnyama? Hesabu yake ni rahisi. Chukua umbali kwa mita, zidisha kwa ukubwa wa pikseli kwa maikromita, gawanya kwa urefu wa lenzi kwa milimita. Jibu ni milimita kwa pikseli.

Kwa bodi yetu, pikseli moja ni takriban maikromita 3.7. Ukiwa na lenzi ya 300 na mnyama yuko mita 100, unapata 1.24. Yaani kila pikseli inafunika milimita 1 na robo hivi. Mita 300, ni milimita 3.7. Mita 20, ni robo milimita.

Sasa twende Balangida, ziwa la chumvi lililo chini ya Mlima Hanang. Maji yakiwepo, heroe wanakuja, wale ndege wa waridi ambao wengi tunawaita flamingo. Heroe mdogo ana urefu wa sentimita 80 na kitu. Ukimpiga akiwa mita 300 kutoka ukingoni, atachukua pikseli kama 220 kwenye picha yenye pikseli 4,000 kwa kimo. Ni mdogo, lakini yupo. Mdomo wake wa sentimita 10 hivi utapata pikseli 27. Na mdomo ndio unaotenganisha heroe mdogo na heroe mkubwa: wa mdogo ni mwekundu uliokoza hadi kuonekana mweusi kwa mbali, wa mkubwa ni wa waridi wenye ncha nyeusi. Kwa karatasi, pikseli 27 zinatosha kutenganisha rangi hizo.

Nasema "kwa karatasi" kwa sababu uwandani kuna mambo mawili yanayokula pikseli zako: mkono wako na hewa. Ushauri wa "funga lenzi ndefu" hauyataji kabisa.

Ile hadithi ya mara 1.6

Utaambiwa pia kwamba kwenye bodi hizi lenzi ya 300 "inageuka" kuwa 480, kwa kuwa kihisi ni kidogo na unazidisha kwa 1.6. Haigeuki. Lenzi ya 300 inabaki 300 na inaangusha taswira ya heroe yenye ukubwa ule ule, uwe na bodi ndogo au kubwa. Kihisi kidogo kinachofanya ni kukata kingo za picha, kama mtu aliyechukua mkasi. Ndege anaonekana mkubwa kwa sababu fremu imepungua.

Faida ya kweli ipo, ila iko mahali pengine: kwenye msongamano wa pikseli. Bodi yenye kihisi kikubwa cha milimita 36 na pikseli zile zile milioni 24 ina pikseli za maikromita 6. Yetu ni 3.7. Kwa hiyo kwa lenzi moja na umbali mmoja, bodi ya bei ya chini inaweka pikseli nyingi zaidi juu ya ndege. Muuzaji akikueleza hivyo, msikilize. Akikwambia umepewa milimita 180 za bure, mpuuze.

Na kuna kipimo kingine ambacho matangazo hayakipendi: upana wa tundu la lenzi. Lenzi ya 300 yenye f/5.6 ina tundu la 300 gawanya kwa 5.6, kama milimita 54. Mwanga ukipita kwenye tundu lolote hutanuka kidogo, na tundu likiwa dogo unatanuka zaidi. Kwa tundu la milimita 54, kutanuka huko kunalingana na takriban pikseli moja ya bodi yetu. Ndiyo maana kamera za kipande kimoja zenye kuvuta "mara 83", kama Nikon P900 ya mwaka 2015, haziwezi kufanya muujiza. Mwisho wa kuvuta lenzi yake ni milimita 357 kwa f/6.5. Piga hesabu: tundu la milimita 55. Ni lile lile. Kinadharia zote mbili zinafikia kikomo kimoja cha kuona kwa undani, hata kama boksi moja limeandikwa 2,000 na jingine 300.

Mkono unatikisika

Hapa ndipo seti ya boksi inaponikera. Lenzi ya Canon ya 75–300 f/4–5.6 III ni muundo wa mwaka 1999. Haina kituliza mtikisiko. Kanuni ya wazee wa kamera inasema kasi ya shata isipungue moja chini ya urefu wa lenzi, na kwa kihisi kidogo uzidishe kwa 1.6. Kwa hiyo ukiwa umevuta hadi 300, unahitaji angalau 1/500 ya sekunde ukishika kwa mkono. Jua likiwa kali si tatizo. Kanuni ya jua kali inakupa ISO 100, f/16, 1/100. Ukifungua hadi f/5.6 unapata 1/800. Safi.

Lakini ndege hawafanyi mambo yao jua la saa sita. Wanafanya alfajiri na jioni, wakati mwanga ni robo au sehemu ya nane ya ule. Hapo unaanza kupandisha ISO, picha inajaa chenga, na bado mkono unatikisika.

Sasa linganisha na lenzi nyingine ya kampuni hiyo hiyo, 55–250 f/4–5.6 IS STM ya mwaka 2013. Ina gramu 375, wakati ile ya 75–300 ina gramu 480. Ina kituliza mtikisiko ambacho watengenezaji wanasema kinakupa hatua 3.5, yaani kwa mnyama aliyetulia unaweza kushuka kutoka 1/400 hadi karibu 1/40. Hata ukiyapunguza madai hayo nusu, bado umepata faida kubwa. Unachopoteza ni milimita 50. Heroe wetu wa pikseli 220 anakuwa wa pikseli kama 183. Mimi nachukua pikseli 183 zilizotulia kuliko 220 zilizosambaa, bila kufikiria mara mbili.

Kwa upande wa Nikon, lenzi ya AF-P 70–300 f/4.5–6.3 iliuzwa ya aina mbili zinazofanana kwa sura, moja ina kituliza, nyingine haina. Tofauti ni herufi mbili tu kwenye jina: VR. Kwa Canon ni IS. Kama huna muda wa kusoma makala yote hii, beba hilo tu: kabla ya kuangalia namba za milimita, tafuta hizo herufi.

Tahadhari moja. Kituliza kinatuliza mkono wako, hakimtulizi ndege. Heroe akiruka kwa mita 15 kwa sekunde, ndani ya 1/500 ya sekunde ameshasogea sentimita 3. Akiwa mita 100, hiyo ni pikseli 24 za ukungu usipomfuata na kamera. Kwa ndege anayeruka unahitaji 1/2000 na mkono unaomfuata, na hapo hakuna herufi itakayokusaidia.

Hewa nayo ni lenzi

Adui wa pili hauzwi dukani wala haurekebishwi dukani. Hewa ya joto na hewa ya baridi zinapinda mwanga kwa viwango tofauti. Badiliko la nyuzi 1 tu linabadilisha kipimo cha kupinda kwa takriban sehemu moja ya milioni. Inaonekana si kitu. Lakini pikseli yetu moja inaona pembe ndogo mno, kama sehemu 12 za milioni ya radiani, na kati yako na heroe kuna mita 300 za vipovu vya hewa moto vinavyopanda kutoka kwenye tambarare ya chumvi na tope kavu. Kila kipovu kinasukuma mwanga kidogo. Ukichungulia saa saba mchana utaona ndege wanacheza kama wako ndani ya maji yanayochemka.

Hapo hata ukileta lenzi ya milimita 600 yenye bei ya pikipiki, utapata mchemko mkubwa zaidi, basi. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mshauri wa kamera aliseme. Mita 300 za hewa moto haziondolewi kwa hela. Zinaondolewa kwa saa. Fika ukingoni kabla ya jua kupata nguvu, piga kati ya saa 12 na nusu na saa 3 asubuhi, kisha funga begi. Anayelala gesti Katesh na kuondoka na bodaboda alfajiri akiwa na lenzi ya 250 atarudi na picha bora kuliko anayefika adhuhuri na mzinga wa kilo mbili.

Basotu: seti inapofaulu

Ziwa Basotu ni la maji baridi, limezungukwa na mashamba makubwa ya ngano, na lina viboko na ndege wa majini kama mwari. Hapa seti ya kuanzia inafanya kazi yake vizuri. Kiboko hasogelewi, na wala huhitaji kumsogelea. Kutoka mita 100, lenzi ya 250 inafunika milimita 1.5 kwa kila pikseli. Kichwa cha sentimita 60 kinachotokeza juu ya maji kinapata pikseli 400. Ukitaka kuhesabu viboko na kutofautisha ndama na wakubwa, hizo zinakutosha na chenji inabaki. Mwari ni mkubwa kuliko heroe na rangi yake ni nyeupe, kazi ni rahisi zaidi.

Kwa stendi, huhitaji ya kununua. Mfuko wa kitambaa wenye kilo mbili za maharage, ukiuweka juu ya jiwe au dirisha la gari, unashika lenzi vizuri kuliko stendi nyepesi za miguu mitatu zinazotetemeka na upepo. Na maharage Mbulu hayana shida. Kazi ikiisha, unapika.

Yaeda, na somo la twiga

Nilisema ushahidi upo kwetu. Tangu mwaka 2011, watafiti wa Wild Nature Institute, Derek Lee na Monica Bond, wamekuwa wakifuatilia twiga wa eneo la Tarangire na Manyara kwa picha tu. Mabaka ya twiga ni kama alama za vidole, hakuna wawili wanaofanana. Picha za ubavu zinaingizwa kwenye programu inayolinganisha mabaka, na kila twiga anapata utambulisho wake bila kuguswa, bila kufungwa kola. Kutokana na picha hizo walichapisha mwaka 2018 utafiti ulioonyesha kwamba baadhi ya sifa za mabaka hurithiwa kutoka kwa mama, na kwamba zina uhusiano na uhai wa ndama katika miezi ya mwanzo.

Kamera walizotumia? Canon 40D, ambayo ni ya daraja la kati, na 550D, ambayo ni ya daraja la mtu wa kawaida, na lenzi ya kuvuta ya milimita 100 hadi 400 yenye kituliza. Waliwapiga twiga kutoka mita 150 hivi. Bodi za kawaida kabisa, lenzi iliyochaguliwa kwa akili.

Kwenye uwanda kama wa Yaeda, hesabu inasema hata lenzi ya 250 ingefaa kwa mnyama wa aina hiyo. Mita 150, kila pikseli ni milimita 2.2. Baka la sentimita 15 linapata pikseli kama 68, na programu inasoma umbo lake bila taabu. Kwa mwanafunzi anayetaka kufanya utafiti wa wanyama wenye mabaka au michirizi kwenye uwanda wazi, kikwazo chake hakiwi kamera. Kinakuwa mafuta ya gari na muda.

Nou: seti inapoangusha

Sasa ingia msitu wa Nou, juu kwenye kingo za Bonde la Ufa. Hadithi inabadilika yote. Ndege wa msitu kama huu ni wadogo na hawatulii. Fikiria kinengenenge wa Mbulu, Zosterops mbuluensis, ndege wa misitu ya milimani ya kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya aliyebeba jina la wilaya yetu hadi kwenye vitabu vya dunia. Ni ndege wa sentimita 12 hivi, na vinengenenge wanafanana kweli kweli. Wataalamu wanabishana kwa upana wa pete nyeupe ya jicho na kiasi cha njano kwenye paji na tumboni.

Mita 20, lenzi ya 300, pikseli ni robo milimita. Pete ya upana wa milimita 2 inapata pikseli 8. Inatosha, kama picha imetulia. Lakini chini ya miti mwanga unaweza kuwa sehemu ya 64 ya jua kali. Ile 1/800 yetu inakuwa 1/12 ya sekunde. Ukitaka kuirudisha kwenye 1/800 unapandisha ISO hadi 6400, mwisho wa kawaida wa bodi hii, na chenga zinameza pikseli zako 8. Ukibaki na ISO 1600 unapata 1/200, kituliza kinaushika mkono, lakini kinengenenge ameshageuza shingo mara mbili. Na fokasi, kwenye majani yaliyopishana na mwanga mdogo, inatafuta, inatafuta, ndege ameondoka.

Hapa seti imefika mwisho wake, na ni haki kusema hivyo. Lenzi yenye tundu pana ingesaidia, lakini bei yake ni ya taasisi, si ya mtu mmoja. Kwa mwanafunzi, ushauri wangu wa Nou ni tofauti: nunua darubini nzuri ya macho na kinasa sauti cha bei nafuu. Ndege wengi wa msitu wanajulikana kwa sauti kabla ya kuonekana, na rekodi ya sauti ni ushahidi unaokubalika kama picha.

Hukumu

Bodi ya kuanzia: nunua, hata ya mtumba, bila aibu. Boksi lenye 75–300 isiyo na kituliza: liache dukani, labda kama unapewa bure. Omba bodi peke yake, uongeze lenzi ya 55–250 yenye IS, au 70–300 yenye VR kwa Nikon. Kama una uwezo zaidi, tafuta 100–400 ya mtumba kabla ya kufikiria kubadilisha bodi. Kama seti ya boksi tayari unayo nyumbani, usiitupe: iwekee mfuko wa maharage, usishuke chini ya 1/500, na itumie asubuhi.

Pia rekebisha saa ya kamera kabla ya kuondoka. Bodi hizi hazina GPS, kwa hiyo piga picha moja ya mahali kwa simu kila unapobadilisha eneo. Rekodi isiyo na muda wala mahali haina kazi, hata ndege angeonekana hadi kope.

Na kabla ya yote, andika swali lako la utafiti, chora mnyama wako, weka alama kwenye kitu kidogo kuliko vyote unachohitaji kukiona, kisha piga ile hesabu ya milimita kwa pikseli kwa umbali utakaokuwa nao kweli. Gawanya matumaini yako kwa mbili kwa ajili ya hewa na mkono. Ukiona bado zimebaki pikseli 10, nenda dukani. Zikibaki mbili, tafuta njia nyingine ya kumtambua huyo mnyama, kwa sababu milimita 50 zaidi hazitakuokoa.